Sukari ya Pole

Njombe, 4 Januari

Mvua imeanza saa nane mchana na mpaka naandika haijapumzika. Nimenunua daftari hili dukani kwa Masumbuko kwa sababu leo nimepewa kazi, na tangu nistaafu sijapewa kazi yoyote inayohitaji kalamu.

Aliyenipa ni Nathanieli, mwinjilisti mstaafu, mwenyekiti wa Kikosi cha Nyota. Ni kikosi cha watoto wa miaka tisa hadi kumi na tano. Hukutana kila Jumamosi, wanajifunza nyimbo, mafundo ya kamba, kupanda miti, na siku hizi kupiga matarumbeta. Kina matawi mawili. Mlezi wa Njombe ni Enoki, mwalimu wa shule ya msingi. Mlezi wa Makambako ni Chiku, fundi cherehani. Mwaka huu wakubwa wa kikosi wameagiza kila tawi liwe na daftari la matukio. Mtoto akiumia, akipotea, akipigwa au akitishwa, iandikwe siku hiyo hiyo: nini, wapi, na alikuwa na mtu mzima yupi. Kisha mtu asiye mlezi ayasome madaftari yote mawili kila mwisho wa mwezi.

"Tumekufikiria wewe, Bibi Stesheni," Nathanieli akasema. "Si uliandika vitabu vya reli?"

"Niliandika kila ng'ombe aliyevuka reli, miaka thelathini."

"Basi hawa ni watoto tu. Rahisi kuliko ng'ombe."

Tulicheka. Sasa amekwenda na mimi nawaza kama ni kweli.

Kama siku moja mjukuu wangu Jasmine atayasoma haya, ajue kwamba bibi yake hakuzaliwa hapa. Nilizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, nikavuka mwaka 1965 nikiwa na miaka tisa, katika kundi la watoto kumi na mmoja. Mtu aliyetuongoza alituhesabu kabla ya kuingia mtumbwini. Tulipofika upande huu hakuna aliyehesabu. Binamu yangu Tereza hakuwepo, na tulipogundua ilikuwa siku ya pili. Kila mtu mzima alidhani yuko na mwingine. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo na bado sijapata swali kubwa kuliko lile dogo ambalo hakuna aliyeliuliza: alikuwa na nani?

11 Januari

Jasmine amechaguliwa kwenye bendi ya matarumbeta. Amerudi na tarumbeta la kufanyia mazoezi. Kuku wamehama uani.

18 Januari

Jasmine kaumia goti, aliteleza kwenye ngazi za ukumbi. Enoki amekuja mwenyewe jioni na pakiti mbili za sukari, tumekunywa chai. Mtu muungwana sana.

25 Januari

Mvua. Viazi vya jirani vimeanza kupata baka la majani. Jasmine anasema tarumbeta linamchosha, anataka kurudi kwenye mafundo ya kamba. Nimemwambia asikate tamaa mapema.

31 Januari

Leo nimesoma madaftari kwa mara ya kwanza, na nimefurahi kuliko nilivyotarajia. Nimevaa miwani, nimechonga penseli, nimefunga mlango kana kwamba treni inakaribia.

Daftari la Enoki: jalada safi la plastiki, jina la tawi kwa wino wa bluu, na ndani hakuna neno. Mwezi mzima, watoto thelathini na wanne, hakuna tukio.

Daftari la Chiku lina alama ya chai, uzi mwekundu umenasa kwenye waya, na matukio kumi na moja. Nanakili machache:

"Rukaiya kapotea dakika sita. Alikuwa chooni. Sasa wanakwenda wawili wawili."

"Nasiri kameza kifungo. Kifungo ni changu. Mama yake kaambiwa saa hiyo hiyo. Kimetoka Jumatatu."

"Mimi mwenyewe nimemfokea Seleman kupita kiasi. Nimemwomba radhi mbele ya wenzake."

Nilicheka kwa kifungo. Kisha nikawaza, huyu dada hawawezi watoto. Enoki anawaweza. Nilikuwa nimekwisha kuandika hivyo kwenye karatasi ya taarifa, nikasimama.

Kwa sababu nilikumbuka mkaguzi wetu wa reli. Stesheni ikiandika ng'ombe, taa iliyofifia, mlevi aliyelala karibu na njia, mkaguzi alisoma tu na kutia saini. Lakini kitabu kikikaa mwezi mzima bila neno, alikuja mwenyewe kwa treni ya kwanza. Alitaka kujua kama stesheni ile ina mtu.

Sijaituma taarifa. Ninataka kwanza kujua.

8 Februari

Nimekwenda Makambako. Mji umenenepa tangu niuache. Malori yamejaa mpaka pale tulipokuwa tukianika nguo, lakini jengo la stesheni yangu ya zamani halijabadilika na nililitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyonipasa.

Chiku anafanyia kazi barazani, cherehani mbili na redio moja. Ni binti wa wafanyabiashara waliokuja kutoka Kigoma. Mwepesi wa maneno.

"Shikamoo, Bibi. Umekuja kunifukuza?"

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Mji mzima. Wanasema daftari la Enoki jeupe kama kanzu ya Idi, langu limejaa kama gazeti."

"Mbona limejaa?"

Alichukua suruali mezani, akaigeuza ndani nje. "Bibi, mteja akija namwandika kiuno. Nisipomwandika, haina maana kwamba hana kiuno."

Nikauliza kama haoni aibu kuandika kuwa amemfokea mtoto.

"Naona. Ndiyo maana sijamfokea tena."

Nilirudi Njombe nikiwa nimenunua gauni ambalo sikulihitaji.

12 Februari

Mvua na ukungu. Nimesoma, nimelala.

16 Februari

Baada ya ibada nimemwona Peace, mtoto wa jirani yetu wa chini, mkono umefungwa bendeji. Yuko Kikosi cha Nyota, bendi hiyo hiyo. Nikamuuliza mama yake kulikoni.

"Jana mazoezini, Bibi. Aliteguka. Lakini yaliisha."

"Yaliisha vipi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua hutokea wapi. "Mwalimu Enoki alikuja kusema pole. Tulipokea."

Nimeishi hapa miaka mingi kiasi kwamba hata mimi sikuona neno lolote geni, mpaka nilipofika nyumbani na kuvua viatu. Hapa kwetu mtu akisababisha madhara, au mtoto akiumia mikononi mwake, huja nyumbani na sukari. Mnakaa, mnachemsha chai, mnaitia sukari ile ile aliyoileta, mnakunywa pamoja. Ikishanyweka, jambo limekwisha. Kulitaja tena ni kama kumtemea chai usoni. Ni desturi nzuri. Imezuia ugomvi mwingi katika mtaa huu, na mimi niliyefika bila ndugu niliipenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu ilinifanya mtu wa kuombwa radhi.

Lakini ninajiuliza: kinachoisha, kinakwenda wapi?

22 Februari

Mwalimu wa matarumbeta, Silvanus, amekwenda Makambako kufundisha tawi la kule. Ni seremala, mtu wa miaka arobaini na kitu, na kanisani bendi yake inapopiga watu hufuta machozi. Amerudi amekasirika. Sijui kwa nini.

28 Februari

Madaftari tena.

La Enoki: halina neno. Nimegeuza kurasa mara mbili, nikazitazama hata kwenye mwanga wa dirisha. Mkono wa Peace haumo.

La Chiku, matukio tisa. La mwisho ni hili:

"Tarehe 22. Mwalimu Silvanus alitaka Rukaiya abaki naye stoo, wawili tu, wasafishe matarumbeta, mlango ufungwe kwa sababu ya vumbi. Nimekataa. Nimesema tutasafisha wote, uani. Amekasirika, kasema namdhalilisha mbele ya watoto. Rukaiya hajaumia. Naandika tu."

Nimelisoma mara tatu. Naandika tu. Hilo ndilo neno tulilokuwa tukilitumia stesheni, mtu alipoona kitu ambacho bado hakijawa kitu.

Jioni Nathanieli amepita, koti limelowa. Amekaa kwenye kiti cha mlangoni kama mtu mwenye habari mbaya.

"Bibi, kamati itakaa tarehe 22 Machi. Silvanus ameshitaki. Anasema yule binti wa Makambako amemchafulia jina. Na matukio ishirini kwa miezi miwili! Tutamwondoa. Watoto wake tutampa Enoki, aende nao wote kambini Ludewa baada ya Pasaka. Na Silvanus aende na bendi."

"Watoto wote?"

"Wote sitini."

"Umelisoma daftari la Chiku?"

"Nimelihesabu."

1 Machi

Ramadhani imeanza leo. Nimempigia Chiku kumtakia mfungo mwema na kumwambia habari za kamati. Amesema, "Basi nitaandika mpaka siku yenyewe."

9 Machi

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa: saa, mahali, nani alisema nini.

Saa nane mchana nilikwenda kwa Enoki. Alikuwa chini ya ukingo wa paa akichoma mahindi, mtoto wake mdogo mgongoni.

"Kamwene, Bibi! Leo umetukumbuka."

Nilimweleza kilichonileta. Nilitaka kujua tu, nikamwambia, na ilikuwa kweli. Hakuona haya hata kidogo. Alifurahi kueleza.

"Bibi, nikiandika baada ya wazazi kupokea pole, nitakuwa nimewageuka. Watu wamekunywa chai yangu. Halafu mimi nikae niandike, mtoto wa fulani aliumia? Ya nini tena?"

"Ni nyumba ngapi umepeleka sukari mwaka huu?"

"Chache. Peace, juzi hapa. Kabla yake Praygod, tarehe mosi Februari, alijigonga mdomo mlangoni akikimbia. Na ninyi." Akatabasamu. "Ninyi ndio mlikuwa wa kwanza."

Niliacha kutafuna hindi alilonipa. Nilikuwa nimekuja kuuliza habari za watu wengine.

"Jasmine aliteleza kwenye ngazi," nikasema. "Nani alikwambia aliteleza?"

"Silvanus. Yeye ndiye aliyemfunga goti."

"Na Praygod, nani alikwambia kuhusu mlango?"

"Silvanus."

"Na Peace?"

Hindi liliungua upande mmoja, naye akaliacha liungue.

"Mazoezi huisha saa ngapi, Mwalimu?"

"Saa kumi. Mimi hufunga ukumbi. Yeye hubaki stoo na mmoja, wanasafisha matarumbeta." Akasema polepole, "Na mmoja."

Mtoto mgongoni alianza kulia. Enoki hakumsikia. "Nimebeba sukari nyumba tatu, Bibi," akasema, "na kila nyumba niliona ni ya kwanza."

Saa kumi na moja nilikuwa nyumbani. Jasmine alikuwa anamenya viazi. Nilichukua kisu cha pili nikakaa kando yake, nisimtazame usoni. Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza tarehe 18 Januari.

"Siku ile ya goti, ulikuwa na nani?"

Alimaliza kiazi. Akachukua kingine.

"Na Mwalimu Silvanus. Stoo. Alifunga mlango akasema tuwe na siri yetu, mimi na yeye. Akanishika bega. Sikupenda, Bibi. Nikaruka dirishani."

"Hukuteleza ngazini."

"Stoo haina ngazi."

Nimepita kwenye ukumbi ule mara elfu. Naijua stoo. Haina ngazi.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

Alinitazama kwa mshangao, si kwa lawama, na hilo ndilo lililoniuma. "Mwalimu Enoki alileta sukari," akasema. "Ukaipokea. Nikajua yameisha."

Nilimwambia kwamba hakufanya kosa lolote, kwamba aliruka vizuri sana, na kwamba kesho nitawaeleza watu ambao ni kazi yao kusikiliza. Aliuliza kama atapigwa. Nikasema hapana. Aliuliza kama ni lazima aendelee na tarumbeta. Nikasema hapana. Tukamenya viazi vyote, vingi kuliko tunavyoweza kula wawili.

Kwenye rafu ya jikoni kuna pakiti moja ya sukari ambayo sikuifungua. Ile nyingine tumeimaliza Februari. Tuliinywa yote.

10 Machi

Saa mbili asubuhi nimekwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa anaitwa Emilia, mdogo kuliko binti yangu. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye ukurasa mmoja. Aliusoma, akaninyooshea maji.

"Umemuuliza mtoto mara ngapi, Bibi?"

"Mara moja."

"Vizuri. Usimuulize tena. Akitaka kusema, msikilize, lakini usimvute. Mimi nitazungumza naye, na wale wawili, kwa utaratibu wake. Na usimwendee mtuhumiwa, wala usiyaseme mtaani. Majina ya watoto yabaki hapa."

Tukaenda pamoja polisi, dawati la jinsia na watoto. Nilitia saini mahali pawili. Emilia amempigia Nathanieli, amemwambia Silvanus asiwe na mtoto yeyote mpaka watakapomaliza, bila kumtajia sababu.

Nilidhani nitatoka nimechoka. Nimetoka na maswali mengi kuliko niliyoingia nayo, nikamsumbua Emilia mlangoni: wazazi wangapi huja? Wangapi wameshapokea kitu?

"Wengi wamepokea," akasema. "Si hongo, Bibi. Ingekuwa hongo ningejua la kufanya. Ni adabu."

15 Machi

Silvanus ameitwa polisi mara mbili, na mji unajua. Hawajui kwa nini. Wanachojua ni kwamba Chiku aliandika na mimi nikatembeatembea. Leo dukani kwa Masumbuko wanawake wawili walinyamaza nilipoingia. Mmoja nilimsaidia kujifungua, mwaka wa mafuriko.

"Watu wa kuja," akasema huyo huyo, akiupekua mfuko wake wa nyanya. "Hawajui kumaliza jambo."

Miaka sitini. Nilinunua chumvi nikaondoka. Njiani nilijiuliza kama ana haki. Labda ni kweli sijui kumaliza jambo. Tereza, kwa mfano, sijammaliza.

16 Machi

Sikwenda kanisani. Jasmine amelala mpaka saa nne, usingizi mzuri.

18 Machi

Mvua kubwa kupita zote. Barabara ya kwenda Ludewa imekatika mahali, wanaitengeneza. Chiku amepiga simu: watoto wake wanamuuliza kama wataenda kambini na nani. Anawajibu hajui. Ameandika na hilo.

22 Machi

Kamati ilikaa ukumbini saa nne. Wajumbe saba, na Chiku kwenye kiti cha peke yake kilichowekwa mbali na meza, kama kwa mpiga picha. Alikuwa amefunga, midomo mikavu. Enoki alikaa mwisho wa meza akitazama mikono yake. Silvanus hakuwepo, wanasema yuko kwa ndugu zake.

Nathanieli akaomba kwa Mungu, kisha akasoma hoja: mlezi wa Makambako ana matukio mengi mno, na amemdhalilisha mwalimu mwenzake kwa maandishi. Iamuliwe aondolewe.

"Una la kusema, binti?"

"Nililoliona nimeliandika, Baba Mwinjilisti. Sikuongeza chumvi."

"Ndiyo tatizo," akasema mjumbe mmoja, "unaandika hata vifungo!" Wengine wakacheka.

Nikaomba nafasi. Nilikuwa nimeahidi kutotaja watoto, kwa hiyo nilitaja wangu tu, na hata jina lake sikulisema. Nilifungua mkoba wangu, nikatoa ile pakiti ya sukari ambayo haijafunguliwa, nikaiweka mezani mbele ya Enoki.

Kurudisha sukari! Mzee mmoja aliinua miguu chini ya kiti kana kwamba kuna nyoka. Katika miaka yote niliyoishi hapa sijawahi kuona mtu akifanya hivyo.

"Mwalimu Enoki," nikasema, "uliniletea hii kwa moyo safi na niliipokea kwa moyo safi. Pakiti ya kwanza tuliinywa, siwezi kuirudisha. Hii nairudisha. Jambo lile halijaisha. Naomba daftari lako."

Alinipa. Nilifungua ukurasa wa kwanza, ule mweupe ambao Januari niliusifia moyoni, nikaandika huku nikisoma kwa sauti:

"Tarehe 18 Januari. Mtoto wa kike, miaka kumi na mmoja. Jeraha la goti. Mahali: stoo ya matarumbeta. Mtu mzima aliyekuwa naye: Silvanus. Imeandikwa kwa kuchelewa siku sitini na tatu. Mwenye kosa la kuchelewesha: bibi yake, ambaye hakuuliza."

Nikaweka kalamu chini.

Enoki aliitazama ile sukari. Nilidhani atatoka nje. Badala yake aliivuta kalamu, akaandika kwa muda mrefu, mwandiko wa ubaoni, wa duara. Alipomaliza hakuweza kusoma. Alimsogezea Nathanieli.

Nathanieli alivaa miwani. "Tarehe mosi Februari," akasoma. "Mtoto wa kiume. Jeraha la mdomo. Mahali: stoo ya matarumbeta. Mtu mzima aliyekuwa naye... Silvanus." Alikohoa. "Tarehe 15 Februari. Mtoto wa kike. Mkono. Mahali: stoo ya matarumbeta. Mtu mzima..." Hakumaliza. Alirudi juu akasoma tena, kimya, midomo ikienda. Yule aliyecheka vifungo alikuwa amefunika uso kwa viganja.

Kisha Nathanieli akamgeukia Chiku. "Binti, lete hilo daftari lako. Lile la tarehe 22." Akalisoma neno kwa neno. Sasa hakulihesabu.

"Ulijuaje?" akamuuliza.

"Sikujua," Chiku akasema. "Niliandika tu."

Hoja haikupigiwa kura. Nathanieli aliikunja karatasi yake mara nne, akainuka akakibeba kiti cha Chiku mwenyewe mpaka mezani. Wameamua: Chiku ataongoza kambi, matawi yote mawili. Daftari moja la wote. Mlango wa stoo utang'olewa. Enoki aliomba aondolewe ulezi. Chiku ndiye aliyekataa.

"Mwalimu, ukiondoka nani atanifundishia mafundo? Kaa. Utaandika na mimi."

Ile pakiti ilibaki mezani. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

31 Machi

Idi. Chiku ametutumia chapati na nyama kupitia dereva wa basi, bado za moto. Jasmine amekula nne.

5 Aprili

Jasmine amerudi Kikosi, kwenye mafundo. Nilikaa ukutani na kitabu nikijifanya nasoma. Mama Peace alikuja akakaa kando yangu. Alinipa nusu ya parachichi lake.

14 Aprili

Emilia anasema jalada limekwenda kwa waendesha mashtaka, itachukua muda. Nimemuuliza muda gani. Hajui. Nimemshukuru kwa kutonidanganya. Daftari la Enoki mwezi Machi: matukio manne. Mojawapo, "Nimechelewa kufika dakika ishirini, watoto walikuwa peke yao." Mwandiko bado wa aibu, mdogo mdogo.

22 Aprili

Wameondoka kwenda Ludewa, Jasmine na Enoki wakiwemo. Barabara imepona. Chiku aliwahesabu kabla ya kupanda gari, na amenipigia kutoka kule jioni: "Bibi, tumefika. Nimewahesabu tena. Sitini na mmoja."

"Mliondoka sitini."

"Nimejihesabu na mimi."

Nimekaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kukata. Mvua leo ni ya manyunyu tu, ya kuaga.

26 Aprili

Hakuna mvua. Baridi imeanza kuteremka, asubuhi nyasi zilikuwa za kijivu.

Saa tisa walirudi kutoka Ludewa. Jasmine aliingia mbio, sikio limevimba kama andazi, na nyuma yake Enoki. Alisimama mlangoni. Nilimtazama mikono. Ilikuwa mitupu, na hakujua aiweke wapi. Aliishia kuikunja mgongoni kama mwanafunzi.

"Ameumwa na nyuki, Bibi. Jana saa nne na dakika kumi, penye mizinga, alikuwa na mimi na wenzake watatu. Chiku alikupigia, simu yako haikupatikana. Nimeandika kwanza, ndipo nikaja. Sikuleta kitu."

"Kaa ndani. Chai ipo."

"Asante, Bibi."

Nikawamiminia wote. Nikatafuta kopo la sukari, nikakumbuka halina kitu tangu mwezi wa pili na sijanunua. Enoki alionja, akakunja uso, akaendelea kunywa kwa heshima. Nilitaka kuuliza habari za nyuki, lakini sikuwahi. Jasmine alikuwa ameshaanza: mzinga ulikuwa wapi, nani alirusha jiwe, nani alikimbia, nani alimshika mkono, Chiku alisema nini, yeye alijibu nini. Hakuna aliyemwomba. Chai ilikuwa chungu, na alisimulia mpaka ikapoa.